Koti la Patrobas

Wekulo alikuwa seremala, na mtu asikudanganye, alikuwa fundi kweli. Kitanda alichokipigilia Wekulo hakikulia, hata kikilaliwa na watu wa namna gani. Lakini ukitaka kumjua hasa, achana na mikono yake, mtazame macho. Macho yale hayakutulia hata siku moja juu ya kitu chake mwenyewe. Akipewa chai, alipima kwanza ya jirani imefika wapi kikombeni. Akinunuliwa shati na mkewe, aliuliza mume wa fulani kanunuliwa la namna gani. Asenath, huyo mkewe, alizoea kusema kwamba Baba Nabiswa akifika mbinguni ataanza kwa kuchungulia chumba cha mwenzake. Alisema huku akicheka, ila hakuwa akitania sana.

Kazi yake ilikuwa kwa Mzee Gichuru, pale Umoja, katika karakana ya mabati iliyojibanza nyuma ya maduka. Nyumba za Umoja zilikuwa mpya bado, kuta zinanuka rangi, na kila aliyekabidhiwa ufunguo alihitaji kitanda, meza, makochi na kabati la vyombo. Mzee Gichuru angeweza kuwa tajiri wa kutajwa. Kilichomzuia ni kwamba hakujua kusema hapana.

Alikuwa mtu mwema, mnene, wa kucheka haraka, na alikubaliana na yeyote aliyezungumza naye mwisho. Asubuhi mkewe, Mama Lydiah, alimwambia mbao zilizoletwa zikatwe za vitanda, naye akasema ndiyo. Kabla chai haijaiva, binti yake Lydiah, aliyekuwa akipokea oda za wateja pale ofisini, alimwambia mbao hizo hizo ni za makochi ya mwalimu mmoja, naye akasema ndiyo, ni kweli. Mwanawe Naftaly akatokea na wazo la kujenga banda la kuku, na Mzee akaona hata hilo si wazo baya. Ikifika jioni mbao zimekatwa vipande visivyofaa kitanda, kochi wala kuku, na familia nzima imesimama mlangoni ikiwauliza mafundi kwa nini wana vichwa vigumu.

Kilichoizuia karakana ile isianguke ni masikio ya Patrobas.

Patrobas alikuwa ndiye fundi mkuu, mzee mrefu mkimya kutoka Butere. Amri zote za familia zilipita kwake. Mama akisema hivi, Patrobas alitikisa kichwa kukubali. Lydiah akisema vile, alitikisa tena. Naftaly naye akimaliza yake, alitikisa kwa heshima ile ile. Halafu alirudi kwa mafundi na kuwaambia jambo aliloliamua mwenyewe, na kazi ikaenda. Hakuna aliyewahi kugundua, na kama waligundua walinyamaza kwa sababu vitanda vilikuwa vinatoka.

Na Patrobas alikuwa na koti. Koti la kaki, refu hadi magotini, lenye mfuko wa penseli kifuani na mifuko mikubwa ya kutilia futikamba. Kwa Mzee Gichuru koti lile halikuwa nguo tu. Aliyelivaa ndiye aliyesimama mlangoni kuwapokea wateja, na ndiye aliyekwenda kupima vyumba vyao, akakaribishwa soda. Saa ya chai aliitwa ofisini anywe na familia, kwa vikombe vya maua, wakati mafundi wengine wakinywea vya bati huku wamekalia magogo. Lakini kubwa kuliko yote, wateja walimwita "fundi". Wengine waliitwa "wewe", au "ndugu", au "kijana", hata kama mvi zimeshaingia masharubuni. Neno fundi lilikuwa la mwenye koti.

Wekulo alilitaka koti lile. Nisizunguke: alilitaka kuliko alivyowahi kutaka shamba. Alikuwa kwa Mzee Gichuru tangu karakana ilipokuwa miti minne na turubai, na kila alipomwona Patrobas akipewa kikombe cha maua, roho ilimuuma kama jino. Patrobas alikuwa akilitundika msumarini anapokwenda hotelini kula mchana, kwa kuogopa mchuzi, na hapo Wekulo alilivaa. Alijiangalia kwenye kioo cha kabati la mteja yeyote lililokuwa likingoja kuchukuliwa. Mikono ilimtosha. Mabega yalimtosha. Kilichopungua ni kifungo kimoja katikati, kilichokuwa kimekatika zamani na Patrobas hakujali. Siku moja Wekulo alinunua kifungo kinachofanana na vile vingine, akakitia mfukoni mwa suruali, kikae kikingoja siku yake.

Okoth, fundi wa vanishi, mtu wa mdomo usio na breki, alimfumania kiooni.

"Aah, buda! Karibu ofisini! Nikuletee chai na mkate ama mandazi?"

"Nalipangusa vumbi," akasema Wekulo, akilivua haraka.

"Vumbi unalipangusa na mgongo?"

Wekulo alilirudisha koti msumarini, akaenda zake kwenye benchi.

Basi ukaja mwaka ule wa ukame, mwaka wa unga wa manjano, na Patrobas akasema miguu yake imechoka na saruji ya Nairobi, anarudi kwake. Walimuaga kwa chapati na kuku. Mzee Gichuru alilia machozi ya kweli, akamshika Wekulo bega mbele ya watu wote.

"Mwanangu," akasema, "wewe unajua mwenyewe. Hiyo koti ni nani mwingine anaweza kuvaa?"

Wekulo alirudi nyumbani siku ile akiwasalimia hata watu aliokuwa amewanunia. Alimwambia Asenath. Asenath aliwaambia akina mama wa kanisani, na ukishawaambia wale huna haja ya redio. Kabla ya Jumapili kwisha, watu wa kwao Bungoma waliokuwa Umoja walikuwa wameshaanza kumpa mkono.

"Ukiileta nitaipiga pasi mimi mwenyewe," Asenath akasema. "Isiguswe na mtu. Na mimi pia nataka kusikia wakikuita fundi, Baba Nabiswa. Nimechoka kusikia 'ile fundi mwingine'."

Jumatatu Wekulo alifika mapema. Koti lilikuwa mlangoni tayari, na ndani ya koti alikuwa Mbuthia.

Mbuthia alikuwa mtoto wa kaka yake Mama Lydiah, kijana mwenye pengo la kupendeza menoni, ambaye hadi wiki iliyopita alikuwa akiuza viatu vya matairi soko la Kariokor. Ilikuwa hivi: Jumamosi Mzee aliongea na Wekulo, lakini Jumapili jioni aliongea na mkewe, na mkewe ndiye aliyeongea mwisho.

Wekulo alisimama pale na msumeno wake kwapani. Alimfuata Mzee Gichuru mpaka nyuma kwenye stoo ya mbao.

"Mzee, mimi nilifikiria..."

"Ndiyo, mwanangu, na ulifikiria vizuri kabisa."

"Si ulisema mbele ya watu?"

"Nilisema. Na sijakataa. Ngoja kidogo tu. Na wewe utapata."

Nyumbani Wekulo alimwambia Asenath kwamba koti limepelekwa kufuliwa. Asenath alimtazama, akaendelea kusonga ugali, wala hakuuliza linafuliwa na nani.

Sasa, kama Mbuthia angekuwa mjinga au mwenye madharau, mambo yangekuwa mepesi. Mtu hupata raha fulani kumchukia mtu anayestahili. Lakini Mbuthia hakumpa Wekulo hata raha hiyo. Siku ya kwanza tu alimjia pale kwenye benchi, mikono nyuma.

"Baba Nabiswa, mimi huku sijui kitu. Nimezoea kukata tairi. Ukiona nakosea uniambie tu, hata mbele ya watu."

Na alikuwa akimaanisha. Alikuja asubuhi kabla ya wengine, akajifunza kupiga randa kwenye vipande vya kutupwa, koti amelitundika, mikono imemchubuka. Wateja walimpenda. Alikumbuka majina ya watoto wao, aliwauliza kama mama mkwe alipona, aliwachekesha hadi wanasahau kwamba kabati lao limechelewa. Akina mama waliokuja kugombana waliondoka wameagiza na stuli. Wekulo alisikiliza yote hayo akiwa ameinamia mbao yake, na kila kicheko kilichotoka mlangoni kilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha.

"Sasa fundi," wateja walimwambia Mbuthia. Kijana wa juzi! Fundi! Wekulo alipiga nyundo kwa nguvu asisikie, akasikia vilevile.

Halafu siku moja Mbuthia alikuja na koti limefuliwa, limepigwa pasi, na katikati limeshonewa kifungo kipya. Kifungo chenyewe hakikufanana na vingine. Kilikuwa cheusi, wakati vile ni vya rangi ya kahawia, na hakuna aliyejali. Wekulo aliingiza mkono mfukoni akakishika kile chake. Alikishika kutwa nzima. Nikikwambia kwamba kifungo kile cheusi kilimuuma kuliko koti lenyewe usishangae, ndivyo wivu ulivyomla Wekulo, ulianzia kwenye vitu vidogo.

Tangu siku hiyo alipata kazi ya pili, kazi ya mdomo.

Alianza na Naftaly. Naftaly, mwana wa mwenye karakana, alikuwa pale anapiga msasa kwa uvivu, maana baba yake alishindwa kumwambia achague kati ya kufanya kazi na kulala.

"Naftaly," Wekulo akamwambia kwa sauti ya huruma, "mimi ni mtu wa kuja tu. Lakini hata mimi naona aibu. Mtoto wa nyumba anakula vumbi ya msasa, na mtu wa Kariokor amevaa koti mlangoni. Watu wanauliza."

"Nani anauliza?"

"Watu."

Naftaly aliacha msasa hapo hapo. Siku ya pili Wekulo alimpitia Lydiah ofisini, akajifanya anatafuta penseli.

"Lydiah, hawa wateja si ni wewe uliwaleta? Jina lako hawalijui hata mmoja. Wanajua Mbuthia, Mbuthia."

Lydiah alikifunga kikasha cha oda kwa kishindo. Wekulo akarudi kwenye benchi lake akipiga mluzi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: watoto wa Mzee wamlilie baba yao, Mbuthia avuliwe koti, familia ishindwe kukubaliana nani alivae kati yao, na mwishowe wamgeukie mtu wa zamani, mtu wa nje asiye na ugomvi na yeyote. Alishaliona koti likija lenyewe, kama ng'ombe anayerudi zizini.

Alichosahau ni kwamba ndani ya hesabu hiyo alikuwamo Mzee Gichuru.

Naftaly alimwendea baba yake akadai koti. Mzee akasema ndiyo, na wewe utapata. Lydiah akamwendea akadai lake, kwani mwanamke hawezi kupima kitanda? Mzee akasema anaweza sana, na yeye atapata. Okoth aliposikia watu wanapata alikwenda kuomba kwa utani tu, akashangaa ameahidiwa. Wekulo naye akaenda kukumbusha ahadi yake, akaambiwa bado ipo pale pale. Mama Lydiah akagombana na kila mtu kwa ajili ya mtoto wa kaka yake, akamalizia kwa kusema kwamba kama makoti yanatolewa kwa yeyote, basi na yeye aliyepika chai miaka yote hii ana mabega.

Kwa siku kadhaa karakana iligeuka uwanja wa kununiana. Watu walipitana bila salamu. Chai ilipoa ofisini. Mzee Gichuru alikonda shingo, maana hakuwa mtu wa kuvumilia watu wasiocheka. Halafu Jumamosi moja alifika anatabasamu, nyuma yake mchukuzi amebeba furushi kubwa limefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amekwenda kwa fundi cherehani wa Kariokor.

Alifanya sala kwanza, sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa ajili ya umoja. Kisha akafungua furushi. Makoti ya kaki. La Naftaly. La Lydiah. La Mama. La Okoth. La Wekulo. Mwisho akatoa jingine, pana kama pazia, akalivaa mwenyewe.

"Sasa," akasema, macho yamemng'aa kwa furaha, "ni nani atasema amebaguliwa?"

Mbuthia alipiga makofi peke yake, na alipiga kwa moyo.

Wekulo alipokea la kwake kwa mikono miwili. Lilikuwa jipya, linanukia duka, na vifungo vyote vilikuwapo. Alilivaa. Kwa muda mfupi sana, muda wa kumeza mate, alifurahi kama mtoto wa Krismasi. Halafu akainua macho, akawaona wenzake wote wamesimama wakijitazama vifua. Akaona kwamba kola ya Naftaly ni pana kidogo kuliko yake. Akamwona Okoth, Okoth wa vanishi, amechomeka penseli kifuani asiyojua kuichonga. Furaha ikamtoka.

Nyumbani hakusema habari ya wengine. Alilifungua koti kitandani, Asenath akapiga vigelegele hadi majirani wakaja mlangoni. Koti likashikwa, likageuzwa, likasifiwa. Asenath alichemsha wanga akalitia, akapiga pasi ya makaa hadi likasimama lenyewe. Jumapili alitaka mumewe alivae kanisani. Wekulo akakataa, lakini alikataa polepole, na nusu ya waumini walipita nyumbani baada ya ibada kulitazama.

"Sasa hata nikifa," Asenath akasema, "nimeona."

Jumatatu, basi, watu wote wa karakana ya Mzee Gichuru walifika wakiwa wamevaa koti.

Ungewaona! Walisimama mlangoni kama wanaongoja waziri. Hakuna aliyeshika randa, maana mwenye koti hapigi randa, hilo kila mmoja alilijua tangu enzi za Patrobas. Okoth hakufungua mkebe wa vanishi, asije akajimwagia. Ufagio ulikaa ulipolala. Saa ya chai wote waliingia ofisini kudai vikombe vya maua, vikombe vikawa havitoshi, na Mama Lydiah akauliza yeye mwenye koti anammiminia nani chai. Mwishowe walikunywa kwa zamu, wamesimama, wakiangaliana. Vikombe vya bati vilibaki kwenye ndoo havijaguswa na mtu.

Na amri zilikuwa nyingi kama inzi. Naftaly alimwambia Okoth apange mbao. Okoth alimwambia Wekulo. Wekulo aligeuka atafute wa kumwambia, akakuta nyuma yake ni ukuta.

Hapo ndipo alipofika Roseline, nesi mmoja wa pale pale Umoja, na mwenye mkokoteni nyuma yake. Alikuwa amekuja kuchukua kitanda alichoagiza, na dada yake alikuwa anahamia siku hiyo hiyo. Alisimama kwenye jua, akatia kivuli machoni kwa mkono, akalitazama lile jeshi la kaki.

"Hamjambo. Fundi ni nani hapa?"

"Mimi," wakajibu wote kwa pamoja. Wekulo alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Lilikuwa neno alilolingoja nusu ya maisha yake, na lilipotoka lilijichanganya na ya wengine hata yeye mwenyewe hakulisikia vizuri.

Roseline alianza kucheka. Alicheka akashika nguzo.

"Haya. Basi kati ya nyinyi mafundi wote, nani ananipatia kitanda?"

Kitanda kilikuwa pale kati, chaga mbili hazijapigiliwa, upande mmoja haujaguswa na msasa, na mguu mmoja una vanishi nene inayonata bado tangu Jumamosi, pale Okoth alipokuwa amefika alipoitwa kuchukua koti. Watu walikitazama. Mzee Gichuru alisema, ndiyo, kitanda kitatoka. Naftaly akasema hiyo si kazi yake. Lydiah akasema yeye aliandika tu. Wekulo alitamani kusogea. Mikono yake ilishakijua kitanda kile, ndiye aliyekiunga. Lakini aliwaza wanga wa Asenath, akawaza waumini waliopita kulitazama koti, akabaki alipo, mikono mfukoni.

Mbuthia akalivua koti la Patrobas. Alilitundika kwenye msumari wake wa zamani, akakunja mikono ya shati. Alipiga magoti kwenye vumbi la mbao, akapigilia chaga, ya kwanza kwa kupinda, akaing'oa, akaipigilia tena. Alipiga msasa hadi nywele zikawa nyeupe. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akashika upande mmoja, akageuka.

"Baba Nabiswa, nishikie huko kidogo."

Wekulo aliutazama ule mguu wenye vanishi mbichi. Akalitazama koti lake.

"Mwite Okoth," akasema.

Mwenye mkokoteni ndiye aliyekuja kushika. Walikitoa kitanda mlangoni, watu wa makoti wakibana matumbo kuwapisha, wakakifunga kwa kamba. Roseline alikijaribu kwa kiganja, akakikalia pale pale juu ya mkokoteni, akaruka chini ameridhika. Alimshika Mbuthia mkono, ule wenye vanishi na vumbi, akautingisha.

"Asante sana, fundi."

"Karibu tena, mama," akasema Wekulo kutoka mlangoni.

Lilimtoka tu. Roseline hakugeuka, wala Mbuthia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisema naye. Mkokoteni ukashika njia. Mbuthia alibaki barabarani akijipangusa jasho kwa bega, shati limemgandia mgongoni, amejaa vumbi kichwani kama vile Wekulo alivyokuwa amejaa siku zote za maisha yake. Na Wekulo, aliyesimama mlangoni katika koti la kaki lisilo na doa, alimtazama kijana yule akaona kijicho cha kweli, kile cha kuumiza meno. Sasa alilitaka lile shati.

Jioni alikwenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Asenath alikuwa amepika nyama, siku ya kazi, nyama.

"Haya, leo wamekuitaje?" akauliza kabla hata hajampokea mkoba.

Wekulo alilivua koti, akalitandaza kitini.

"Mama Nabiswa," akasema, "nipe lile shati langu la kazi. Lile la kiwiko kimetoboka. Kesho nataka kulivaa."

"Lile?" Asenath akacheka, akampakulia mchuzi. "Fundi mkuu anataka lile la nini? Nimelifanya tambara asubuhi."

Wekulo akageuka. Shati lenyewe lilikuwa mlangoni, limekunjwa pale pa kufutia miguu, na alikuwa ameshalikanyaga alipoingia.